Shangazi Yozefina Katika Banda la Video

Harufu ya dagaa wanaokauka juu ya mchanga wa Katonga, ufukweni mwa ziwa, ikichanganyika na moshi wa jenereta, ndiyo harufu ya mwaka nilioingia darasa la nne. Jenereta ilikuwa ya Baba Shukuru, aliyejenga banda la video kwa maturubai nyuma ya vichanja vya samaki. Kila alasiri tulibanana humo kwenye mabenchi, tukimtazama Mmarekani aliye kifua wazi akiangusha maadui kama mtu anayepukutisha maembe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wavulana walijifunga vitambaa kichwani na kutembea kwa kudunda. Sisi wasichana tuliitikia "okei" hata tulipotumwa maji.

Aliyeumia ni shangazi Yozefina, dada wa baba, aliyenilea. Mchana alianika dagaa; jua likielekea milima ya Kongo, watoto wa majirani walimzunguka awasimulie hadithi kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Sasa mkeka ulibaki mtupu. Hakugomba. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema tu, akaukunja.

Siku moja alikuja bandani akaketi benchi la mbele. Mmarekani alipomaliza kuteketeza kijiji kizima, shangazi akauliza kwa Kiha, kwa sauti yake ya kawaida, "Huyu kijana ana mama?"

Watu wakacheka. "Mama, hii ni sinema tu," alisema Baba Shukuru.

"Naona. Na hawa waliolala hapa, nani anawazika?"

Kicheko kikakatika. Basi akaanza kujijibu mwenyewe: mama wa kijana ni mjane, analima mihogo Mwamgongo; alimtuma mwanawe chumvi Uvinza, naye akapotea njia, akaangukia kwa watu wabaya. Banda zima likacheka upya. Lakini mwishoni, Mmarekani aliposimama peke yake kwenye moshi, shangazi akamwita kwa sauti ya yule mjane: "Mwana wanje, mwanangu, rudi, ugali unapoa." Mwanamke niliyeketi naye akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Kesho yake watu walimuulizia. Baba Shukuru akapunguza sauti ya televisheni, akamwekea kiti. Kiangazi kile chote Marekani tuliiona kwa macho, tukaisikia kwa Kiha.

Mvua zilipoanza, shangazi alipanda milimani, Kalinzi, kumuuguza kaka yake mkubwa. Hakurudi, alizikwa hukohuko. Bandani zikaja kanda zenye sauti ya mtafsiri wa Dar es Salaam, nasi tukaendelea kutazama.

Leo mwanangu hahitaji banda. Marekani imo mfukoni mwake, ndani ya simu, na Kiingereza chake ni cha puani, cha watu asiowahi kukutana nao. Juzi niliketi kando yake, nikajaribu kumsimulia anachotazama kama alivyofanya shangazi. Kiha kilinikwama baada ya sentensi chache, nikamalizia kwa Kiswahili. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama, ilikuwa nzuri," akasema, kisha akarudisha visikizio masikioni. Nikabaki nimekaa pale, natazama midomo ya wageni ikichezacheza kwenye kioo, bila kusikia neno.