Kioo cha Milembe na Sahani ya Mkwe

Ninachotaka kuandika hapa hamtakiamini, na sitamlaumu mtu. Hata mimi ningehadithiwa na mwingine ningemwuliza alikunywa wapi. Kwamba hapa hapa Bariadi, mwanamume mzima mwenye ndevu na duka la pembejeo alijificha chini ya meza yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya kioo alichokiagiza mwenyewe! Aliyekitengeneza kioo hicho ni mpwa wangu Milembe. Naandika haya nimekaa juu ya pipa karakanani kwake, na yeye yuko nyuma yangu anasaga vyuma. Grainda ikiendelea kulia, najua niko salama, hachungulii ninachoandika.

Milembe ni mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Sapiwi. Wenzake wakiwa shambani wanachuma pamba, yeye alikuwa anafungua baiskeli ya baba yake kuona ndani kuna nini. Kuifunga tena ilikuwa kazi ya baba yake. Ile akili aliichukua ujombani, hilo halina ubishi. Akaenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti pamoja na kovu kwenye mkono wa kushoto, akafungua karakana ya kuchomelea. Miaka sita mji ukamjua kama fundi wa mageti. Mageti ya nyota, mageti ya simba, mageti ya jogoo. Kuna mwalimu mkuu alitaka geti la twiga. Milembe akamchomelea twiga ambaye mpaka leo ng'ombe wa jirani wakimwona wanageuza njia.

Lakini mwenyewe mageti yalishamchosha.

"Geti kazi yake ni kuzuia, mjomba," aliniambia siku moja. "Na mimi nataka nitengeneze kitu cha kupitisha."

"Tengeneza mlango," nikamwambia. Hakucheka.

Basi akaja Domitila, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa Masunga mwenye duka la pembejeo. Nyumba yao nzuri, bati la rangi, ila jiko lilibanwa katikati kama punje ndani ya ganda. Saa sita mchana Domitila anachambua mchele kwa tochi. Akaonyesha picha kwenye simu: nyumba ya watu huko, ukuta kati ya jiko na sebule hakuna, badala yake fremu nyembamba za chuma cheusi, miraba miraba, kila mraba una kioo, mwanga wa madirisha ya sebule unapita mpaka kwenye sufuria.

Milembe aliitazama ile picha jinsi wengine tunavyotazama nyama.

Ng'ambo ya barabara yupo fundi mwingine, Luhaga, mtu mwenye masikio marefu kwa mambo ya wenzake. Akavuka kuja kuuliza.

"Kioo ndani ya nyumba? Kwani huko ndani mvua inanyesha?"

"Ni cha kupitisha mwanga, kaka Luhaga."

"Mwanga! Balbu zimekwisha madukani?"

Milembe akashika kazi. Ukuta ulibomolewa, vyuma vikakatwa, vikachomelewa, vikasagwa mpaka mahali pa kuunga huwezi kupaona, vikapigwa rangi nyeusi. Miraba saba kwa upana, sita kwenda juu, toka sakafuni mpaka darini. Arobaini na miwili. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili pia ikawa arobaini na miwili. Kila kioo alikishika kwa vipande vyembamba vya chuma na skrubu, ili kimoja kikivunjika usihangaike na vingine. Hilo la skrubu mlikumbuke. Siku ya kumaliza, Domitila alisimama jikoni akayaona mabega yake mwenyewe yana mwanga, akapiga vigelegele. Milembe akaniambia, "Mjomba, nikipata kazi mbili zaidi kama hii, natoka kwenye majogoo."

Mwezi haukuisha, Domitila akajifungua. Mama yake, Nyamizi, akashuka kutoka Migato kuja kumkandia binti maji ya moto na kumpikia uji.

Na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu. Hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na kuonana wanakula ni aibu ya mtu kuhama mji. Siku hizi wapo waliolegeza. Nyamizi hakulegeza hata uzi, na Masunga alilelewa hivyo hivyo. Zamani ukuta uliwatunza. Masunga anakohoa mlangoni, mama anabaki jikoni, kila mtu anatafuna kwa amani yake. Wakati wa kutengeneza kioo, Domitila aliwaza mwanga, Masunga aliwaza kumridhisha Domitila, Milembe akawaza miraba. Mama mkwe hakuwazwa na mtu.

Siku ya kwanza mchana, Masunga amerudi kutoka dukani. Akakohoa kama kawaida, akaketi mezani, akafunua ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga. Akakata tonge, akachovya, akafungua mdomo, akainua macho. Nyamizi huyu hapa kwenye kigoda, hatua nne, anamenya viazi, anamtazama mpaka kwenye kilimi.

Mama wa watu alijitupa chini huku amejifunika khanga. Masunga naye akazama chini ya meza, tonge mkononi. Akashusha pumzi, akageuza shingo. Kumbukeni nilisema kile kioo kinafika sakafuni. Mkwe na mama mkwe wakakutana tena macho kwa macho, safari hii wote wamelala kifudifudi!

Domitila alitoka chumbani na mtoto begani akawakuta hivyo, mmoja huku, mmoja kule. Alicheka mpaka alipokumbuka kwamba mmoja ni mama yake.

Walining'iniza mapazia. Jiko likarudi gizani, uji wa mzazi ukaungua mara tatu. Masunga akawa anakula mihogo dukani. Nyamizi naye akatamka: Ijumaa anarudi Migato, kile kidude kisipoondoka. Na mtoto abatizwe Jumapili bila bibi yake?

Jumatano Masunga akaja karakanani, amekonda shingo.

"Fundi, kazi yako ni nzuri, sisemi. Lakini kesho jioni nang'oa. Nimeshaongea na fundi wa matofali."

Luhaga alishavuka barabara. "Fremu hizo nipe mimi, nifanyie banda la kuku. Kuku hawana wakwe."

Milembe akapiga hesabu. Kioo hicho kikienda kwenye banda la kuku, mji mzima utakuwa na hadithi, na yeye atakufa anachomelea majogoo. Chuoni walimfundisha kupima upana na kimo cha nafasi. Watu watakaokaa huku na huku hakuwapima.

"Kaka Masunga, nipe mpaka kesho saa tisa. Na hiyo kesho mchana uwepo nyumbani, wewe na mama."

"Wote wawili?"

"Wote."

Alhamisi akaenda na futi kamba, chaki, na furushi la vioo vya ukungu, vile vya dirisha la bafuni vinavyopitisha mwanga bila kuonyesha mtu. Akapita jikoni kwanza, akapiga goti.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila," akaitika Nyamizi. Ni mama mrefu. Akisimama kwenye mtama, ndege wanahama. Akaona futi kamba inapanda mgongoni kwake. "Wewe, unanipimia jeneza?"

"Napima macho, mayu. Yanafika wapi ukiwa umekaa, yanafika wapi ukisimama."

Kazi sasa ilitaka wote wawili wakae mahali pao kwa wakati mmoja. Nyamizi akakaa kwenye kigoda, khanga imemfunika uso mzima. Masunga akakaa mezani, kofia ameivuta mpaka kidevuni, anapumua kama mtu aliye ndani ya gunia la pamba. Milembe akawa anaweka kichwa chake sambamba na cha huyu, anatazama, anakimbia ng'ambo kuweka kichwa kwa yule, halafu anapiga alama ya chaki kwenye kila mraba ambao macho yanapitia. Na kwa kuwa wale hawasemeshani, Domitila aliyekaa mkekani na mtoto ndiye akawa redio.

"Domitila," akasema Nyamizi chini ya khanga, "mwambie baba huyo anyooshe mgongo. Asipimwe amejikunja, halafu kesho akinyooka tuanze upya."

"Mwambie mama," likatoka jibu chini ya kofia, "nimenyooka. Ndio urefu wangu."

"Kumbe! Siku ya mahari alionekana mrefu."

Domitila ilibidi amweke mtoto chini ili acheke vizuri.

Alama zilifika kumi na tisa. Zote upande wa meza. Upande wa mkeka, anapolazwa mtoto, Milembe hakugusa, maana mwenye kupika anataka kumwona mtoto. Sasa zile skrubu mlizoambiwa mzikumbuke: akafungua kioo kimoja kimoja, akatoa cheupe, akaweka cha ukungu. Mapazia akayakunja akampa Domitila. Mwanga ukaingia jikoni wote, ila Masunga kutoka jikoni akawa kivuli tu, waweza kudhani ni kabati.

Kabla hajakaza kioo cha mwisho, Nyamizi alimshika mkono. Alikuwa amefunua khanga, na macho yake yalikuwa yanapima yenyewe.

"Huo hapo wa chini, wa pili kutoka sakafuni. Uache mweupe."

"Huo ni sawa na meza, mayu. Utaona anakula."

"Nitaona nini? Keti pangu."

Milembe akaketi kwenye kigoda. Kupitia mraba ule mmoja aliona ukingo wa meza, na sahani, basi. Mdomo wa Masunga ulikuwa ghorofa ya juu, ndani ya ukungu.

"Siutaki mdomo wake," akasema Nyamizi taratibu. "Lakini amekonda kwa ajili yangu siku nne hizi. Ukuta wa zamani ulikuwa haunionyeshi hata kama ameshiba. Sahani ikiisha nataka kujua."

Milembe akakirudisha kioo cheupe, akakaza skrubu zake kwa mkono, polepole, kuliko alivyokaza zile nyingine zote.

Ugali ukaletwa. Masunga akavua kofia, akatazama mbele, akaona kivuli kisicho na uso. Akakata tonge. Akala kama mtu aliyetoka kifungoni. Sahani ilipobaki tupu akasikia kule jikoni mwiko unagonga sufuria mara mbili, na Domitila akatokea na ugali mwingine ambao hakuna aliyeuagiza.

"Mwambie mama," akasema Masunga, mdomo umejaa, "kioo kibaki."

"Mwambie baba," ikajibu sauti toka jikoni, "nani alisema kiondoke?"

Ijumaa Nyamizi hakwenda Migato. Jumapili mtoto akabatizwa, na nusu ya wanawake waliokuja na ndoo za mchele waliishia kuchuchumaa jikoni kwa zamu, wakichungulia sahani za waume zao. Luhaga alikuwepo. Alikizunguka kile kioo, akagonga chuma kwa kucha, akauliza kwa sauti ndogo skrubu zile ni za namba ngapi.

Kabla ya wiki kuisha Milembe alikuwa na kazi nyingine mbili za vioo vya ndani, na kwenye kila moja hupima watu kwanza.

Grainda imenyamaza kidogo, nadhani anabadilisha diski, basi nimalizie. Habari hizi zilisafiri. Zilifika Sapiwi, zikafika Nyashimo, watu wakaanza kuja. Foleni ikaanzia hapa kwenye pipa nililokalia, ikapita stendi, ikapinda, na mbele kabisa alisimama mzee mmoja wa Nyashimo mwenye mama wakwe watano, akiwa anaswaga ng'ombe arobaini, wote weupe, pembe zao ndefu kama nguzo za umeme, akasema hawa wote ni zawadi ya fundi Milembe pamoja na mjomba wake aliyem—

"Ng'ombe wangapi, mjomba?"