Treni ya Mume wa Mkunga

Usiku kucha Bi Mize alisubiri sebuleni kwa mkunga, bintiye akiwa chumba cha ndani na uchungu wa kujifungua. Mume wa mkunga, fundi umeme, alipiga magoti akiunga nyaya za treni ya kuchezea. Kila alipokata reli aliupuliza ufa, kisha akauziba kwa kipande cha plastiki.

“Mwanangu ateseka, weye wacheza!” Bi Mize alimsuta.

“Reli ikizunguka ikajirudia, Bi Mize, chanya hugusana na hasi, hupiga shoti. Basi naitenga hapa. Treni ikishaingia ndo nageuza mkondo wa umeme kwa swichi hii, ipate kutoka.”

Treni ikaingia kwenye mzunguko, ikasimama. Kidole cha fundi kikabaki juu ya swichi, macho yake mlangoni. Hakubonyeza mpaka kichanga kilipolia, mlango ukafunguka, na mkewe akasema, “Wazima wote.”