Punda Hakula Majani Yangu

Nilirudi Karatu na shahada ya kilimo cha bustani, pamoja na tabia ya kufungua barua pepe kila baada ya dakika chache kuona kama kuna mtu ameniita kazini. Mama mdogo, aliyehamia huku kutoka Moshi kabla sijazaliwa na kufungua nyumba ya wageni, alinivumilia wiki mbili. Kisha akanisimamisha katikati ya ua wake, vumbi jekundu likitupanda miguuni.

"Dada yako anaolewa, na sendofu ya kumuaga ni hapa hapa, wiki nne zijazo. Nataka watu wacheze kwenye majani, siyo kwenye vumbi. Umesomea haya mambo. Haya, tuoneshe."

Mbegu zingechelewa. Ilibidi kununua majani yaliyokwisha kuota, yale yanayokatwa vipande pamoja na udongo wake na kutandazwa kama zulia. Lakini majani gani? Pasipalumu hupenda maji na kivuli, na ua wetu ni jua na upepo tu. Ukoka huvumilia kukanyagwa, ila baridi ya Juni huku kwetu huuchelewesha. Niliandika faida na hasara kurasa sita, nikachagua ukoka, nikabadili mawazo, nikachagua ukoka tena.

Kwenye shamba la majani, njia ya Mbulu, nilinyanyua kila kipande kwa pembe mbili kama mtu anayekagua shuka dukani. Kilichomeguka nilikikataa, maana mizizi yake haijashikana. Chenye gugu la ndago hata moja nilikirudisha. Mwenye shamba, mzee aliyekuwa mpole mwanzoni, mwishowe akaweka jembe chini.

"Kijana, unanunua majani au unaposa?"

Siku ya kutandaza ilikuwa sikukuu. Udongo nilikwisha kuulima, nikauchanganya na samadi na kuusawazisha kwa reki mara nne, mbili kati ya hizo bila sababu. Mpishi na dada wa kufua wakajiunga nami. Tulipanga vipande kama matofali, kiungo cha mstari huu kisikutane na cha mstari ule, tukiimba nyimbo za kwaya, na mama mdogo akivingirisha pipa la maji juu yake ili vilale vizuri. Jua lilipoelekea kuzama ua wote ulikuwa kijani. Mama mdogo akavua viatu, akapita pembeni kwa vidole, akicheka kama msichana.

Nilibandika karatasi getini: HAKUNA KUKANYAGA, HAKUNA KUNG'OA HATA JANI MOJA. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Vitabu vinasema usubiri wiki mbili tatu, mizizi ishuke. Mimi sikuweza. Nilichagua vipande sita vya ukingoni, upande wa uzio, nikachomeka kijiti pembeni ya kila kimoja, na kila alfajiri nikapiga magoti kufunua kona. Siku ya tano niliona nyuzi nyeupe, nyembamba kama unywele. Nilifurahi mno. Kesho yake nikafunua tena kuona kama zimerefuka.

Wiki ya tatu baadhi ya vipande vikaanza kuwa vya njano na kujikunja kingo. Nikatafuta wa kulaumiwa, na nikampata haraka. Maziwa yetu yaliletwa kila asubuhi na mama wa Kimasai, mzaliwa wa Soitsambu aliyeolewa jirani na mji. Sote tulimwita yeyo, yaani mama. Alikuja na punda wake, akamfunga nje ya uzio.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia.

"Iko," akaitikia.

"Punda wako anakula majani yangu."

Akamtazama punda. Punda akanitazama mimi.

"Huyu ana meno. Akila, utaona yamekatwa. Haya yamekatwa?"

"Basi anayavuta."

"Anayavuta, halafu anayalaza tena vizuri mahali pake?"

Mpishi akapasuka kicheko dirishani. Aibu ikanipanda, nikapaza sauti: asije tena na punda wake hapa. Yeyo akafunga dumu la maziwa kabla hajamimina hata tone.

"Sawa, msomi," akasema, akaondoka.

Siku tatu wageni walikunywa chai ya rangi. Asubuhi ya Jumatano, sendofu ikiwa Jumamosi, mama mdogo alitoka na kikombe chake cha chai isiyo na maziwa, akasimama ukingoni.

"Hivi vijiti ni vya nini?"

"Vinaonesha vipande ninavyofunua kukagua mizizi."

"Na vilivyonyauka ni vipi?"

Nilihesabu. Kila kilichonyauka kilikuwa na kijiti. Kisicho na kijiti, hakikunyauka hata kimoja. Kumbe kila alfajiri nilikuwa nakata mizizi ile ile niliyokuwa naifurahia.

Mama mdogo alicheka hadi chai ikamwagika. "Nenda kamwombe yeyo radhi. Na usiende mikono mitupu. Wenzetu Wamasai, mtu akiomba radhi hushika majani mkononi."

"Majani yapi?"

"Jamani! Una uwanja mzima, unaniuliza majani yapi?"

Nilikanyaga uwanja wangu kwa mara ya kwanza, hadi katikati, nilikokuwa sijagusa tangu siku ya kutandaza. Nikashika kishungi, nikavuta, nikitegemea kipande kizima kije kama kifuniko cha sufuria. Hakikuja. Nikavuta kwa mikono miwili. Majani yakakatika, nikaanguka matako chini, na kipande kikabaki kimeng'ang'ania ardhi. Nilipiga kelele za furaha hadi mgeni mmoja akatoka na mswaki mdomoni.

Nilipanda bodaboda, majani mkononi.

"Ya mbuzi hayo?" dereva akauliza.

"Ya yeyo."

Nilimkuta anasafisha vibuyu. Aliona majani kabla ya kuniona mimi, akaacha kusugua. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya sehemu tatu, yote ikapotea.

"Yeyo, punda hakula. Ni mimi nilikuwa nafunua."

"Kufunua kufanya nini?"

"Kuangalia kama yameota."

Akamwita mke mwenzake, akamweleza kwa Kimasai, na wote wawili wakacheka hadi wakainama. Kisha akayapokea majani, akayageuza mkononi.

"Mbona hayana mizizi?"

"Yamekatika. Yamegoma kung'oka."

"Basi yameota," akasema, kama mtu anayemtajia mwingine saa.

Jumamosi meza ya keki iliwekwa juu ya vipande vile sita. Visigino vya mashangazi vilitoboa uwanja kila mahali. Nilihesabu matundu hadi kumi na tisa, ndipo yeyo, shanga zake zikirukaruka kifuani, akanivuta nicheze.

Baada ya wiki mbili nilifyeka kwa mara ya kwanza. Nikajaza gunia, nikalimwaga mbele ya punda. Alikula yote, kisha akanyoosha shingo juu ya uzio kuomba mengine. Ndipo nikaona kwamba, hata akijinyoosha vipi, hayafikii majani yangu.