Matanga ya Bibi Kule Hamburg

Mpare ni mtani wangu. Nalisema hilo mapema, maana asiyejua utani akisikia tulivyokuwa tukiitana mimi na Mpare mmoja niliyesoma naye, anaweza kukimbilia polisi. Na kuna mama mmoja alibakiza kidogo tu akimbilie kweli.

Mwingereza alikuwa bado hajafunga virago. Sisi wawili tulikuwa tukisomea uhandisi chuoni Nairobi, tukapata nafasi ya kwenda kujifunza kazi katika karakana ya pampu za maji kule Hamburg, Ujerumani. Mimi mtu wa Lushoto, yeye mtu wa milima ya Upare. Basi unaweza kukisia safari ilivyokuwa: tulitukanana tangu stesheni ya Mombo mpaka melini.

Kabla ya kuondoka nilimpandisha Lushoto tukamuage bibi yangu, aliyenilea. Bibi akashika kiuno, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza lile alilomuuliza kila apitaye uani kwake: “We mwana wa nani?”

Nikamjibu mimi. “Bibi, huyu ni Mpare.”

Loo! Mwanamke aliyeshinda akilalamikia magoti tangu alfajiri akainuka kama msichana. Akampokonya mwenzangu kofia, akaivaa yeye. “Leo Mpare kajileta mwenyewe! Mjukuu wangu, tumuuze kwa mkungu wa ndizi.”

“Shikamoo, Bibi,” akasema mwenzangu, naye keshaketi jikoni anajipakulia.

“Marahaba. Umekula?”

“Ndiyo nakula, Bibi, ila chakula cha Wasambaa hakishibishi. Viazi kidogo, maneno mengi.”

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Tukaondoka kesho yake.

Hamburg tulifundishwa kazi na msimamizi mmoja, mzee mrefu wa maneno machache, aliyetupenda kwa sababu hatukuchelewa. Kijerumani chetu kilikuwa cha kuokoteza, Kiingereza chake kadhalika, lakini tulielewana. Jambo moja tu hakulitaka karakanani: ugomvi. Sasa mtani wangu akinificha tupa, au akitangaza mbele za watu kwamba kwetu pampu inavutwa na mbuzi, mzee alikunja uso. Sikumweleza. Nilidhani utani unajieleza wenyewe.

Kisha ikaja telegramu kutoka nyumbani. Bibi amefariki, na amekwishazikwa.

Wenyeji walinipa mkono mmoja mmoja, wakanyamaza, wakaenda zao. Mama mwenye nyumba tuliyopanga aliniwekea supu mlangoni, akawa anatembea kwa ncha za vidole. Ndiyo heshima yao, nami siidharau. Lakini jamani, msiba gani huo! Kwetu msiba ni watu: mikeka, uji, kelele, huyu anauliza maji yako wapi, yule anagombania sufuria. Mimi nilikaa kitandani peke yangu, nimekauka. Chozi halikutoka. Nikaanza kuogopa kwamba labda sikumpenda.

Jumapili mtani wangu akaingia bila hodi. Alikuwa amejifunga kitambaa cha meza cha mwenye nyumba kama kanga, kashika kiuno, magoti yanamlegea.

“We mwana wa nani?” akauliza, na sauti ni ya Bibi, wallahi ni ile ile. “Mbona hujala? Nimekufa nikikungoja, mvivu mkubwa! Viazi vyangu nani atavichimba, Mpare?”

Halafu akajitupa sakafuni katikati ya mlango, akafumba macho, akasema maiti haitoki hapo mpaka mtani apewe chake.

Nilicheka. Nilicheka nikashika tumbo, na katikati ya kicheko kilio kikanikamata, nikalia kama mtoto, makamasi na yote. Yeye chini pale akaendelea kucheka kwa niaba yangu.

Mama mwenye nyumba akapanda ngazi akatukuta hivyo: mfiwa analia, mwenzake kalala mlangoni anacheka, kajifunga kitambaa chake cha meza. Alipiga ukelele! Asubuhi yake habari ilitutangulia karakanani.

Msimamizi alituita ofisini. Akasema mtu anayemdhihaki mfiwa hana nafasi kwake. Huyu afungashe, arudi alikotoka. Na kurudi bila kumaliza mafunzo, sote tulijua, maana yake chuo kimekwisha. Mwenzangu, ambaye sijapata kumwona amekosa neno, alitazama viatu vyake.

“Hakunidhihaki,” nikasema. “Kwetu mtu akifiwa, hiyo ndiyo kazi ya mtani. Asingeifanya, hapo ndipo angenidharau.”

“Kazi? Amepewa na nani?”

“Na babu zetu.”

“Na wewe hukuumia?”

“Niliumia kabla hajaja.” Nikatafuta maneno, nikayakosa, nikasema yaliyokuwepo. “Bibi yangu wamemzika Lushoto mimi sipo. Ninyi mmenipa mkono, nawashukuru. Lakini huyu ndiye aliyenizikia.”

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa muda mrefu kwa kitambaa kilichojaa grisi, ikazidi kuchafuka. Nilijua tu juu juu kwamba vita vilimkuta katika mji ule ule, na kwamba siku hizi anaishi peke yake.

“Na mimi,” akauliza polepole, “nikifa, nani atalala mlangoni kwangu?”

Nikamgeukia mwenzangu.

Mtani wangu akainua macho kutoka kwenye viatu. “Huyu Msambaa atalala,” akasema. “Ila mlishe kwanza, maana kwao wana njaa.”

Mzee akaangua kicheko, kikamtoka kwa kukwaruza, kama kitu kilichokaa bila kutumika. Alipomaliza, macho yamemlowa, akatuambia turudi kazini, na kile kitambaa cha meza tukakifue wenyewe.