Kuku wa Afisa wa Mradi

Sitamsamehe. Nasema mapema ili usisome ukingoja nibadilike.

Afisa wa mradi alikuja kwetu na mpiga picha, akamkuta mama amevaa gauni lake la kitenge la kanisani, maana kwetu mgeni hapokelewi na matambara. Afisa mwenyewe ni mtu wa hapo Malava, amezaliwa na mama kama mimi. Alimtazama mama juu mpaka chini, akasema, "Mama, hii nguo itatuharibia. Vaa ile unalimanga nayo. Wafadhili wakiona umependeza hivi, watauliza msaada ni wa nini."

Nilifungua mdomo. Mama akaninyamazisha kwa mkono, kwa sababu tulihitaji tangi la maji, akaenda kubadilisha. Walimsimamisha kando ya kibanda cha zamani cha kupikia kilichoinama. Nyumba ya matofali aliyoijenga kwa jasho la miwa ilikuwa nyuma ya mpiga picha.

Tangi lilikuja, na maji yake nakunywa. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Picha nayo ilizunguka. Ikawa kalenda, na kalenda moja ikafika kanisani kwetu. Chini ya picha waliandika kwamba huyu ni mjane asiyejua kesho atakula nini. Mama, aliyekuwa na mahindi ghalani! Akina mama wenzake walicheka. Tangu hapo akahamia benchi la nyuma, na nyimbo alizokuwa akianzisha yeye zikaanzishwa na wengine. Mtu anayetaka kusaidia, kwa nini lazima kwanza amwone mwenzake amechakaa? Na nani alimpa mtoto wa kwetu kazi ya kutuchakaza?

Juzi afisa alinipigia simu. Wafadhili wenyewe wanakuja kutembelea familia, tafadhali tuwapikie kuku wa kienyeji. Nilikubali haraka mpaka akashangaa.

Nilichinja jogoo mkubwa. Kwetu firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa mezani. Ukimwandalia kuku pasipo firigisi, umemwambia asirudi. Wazungu hawajui hilo. Afisa anajua vizuri sana. Nilimwona akipekua bakuli kwa kijiko, kwanza taratibu, kisha kwa haraka. Akaniinamia sikioni, akaitaja firigisi kwa lugha ya kwetu.

"Imondo iko wapi?"

"Imempata mwenyewe," nikamjibu.

Mama, ambaye katika usichana wake wanawake hawakuruhusiwa hata kuonja kuku, alikuwa amekaa kiti cha mbele akiitafuna polepole. Mzungu mmoja akauliza kama kuna kitu kimekosekana. Afisa akasema hapana, jasho likimtoka. Moyo wangu ulitulia, niseme uongo wa nini? Nikamsogezea miguu ya kuku, ile wanayopewa watoto.

Mama akameza, akajifuta mdomo.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Usione haya."