Keki ya Alhamisi Kiwandani kwa Herluf

Solvej Bruhn hakuwa mtu wa kulalamika, na mimi nasema hilo ndilo lililomponza. Alizaliwa shambani nje ya mji wa Haderslev, kwa watu wa ng'ombe na viazi, ambako mama yake alimjibu kila aliyechoka kwamba kiti hakijawahi kukamua ng'ombe. Alikuja kwetu kiwanda cha kufulia akiwa msichana, akaanza kwa kukunja mashuka, akapanda mpaka meza ya simu. Hapo ndipo hoteli na kliniki zote zinapopiga: nani kapungukiwa taulo, nani kaletewa foronya za mwenzake, gari lianzie wapi. Walikuwa wawili mezani, yeye na Kirstine. Kirstine akastaafu, tukamwimbia, akaenda zake.

Mwenye kiwanda, Herluf, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, habari hii ningeimaliza upesi. Alisema, "Tutatafuta mtu baada ya Krismasi. Solvej, utaweza, siyo?"

"Nitaweza."

Angesema nini? Kwetu mtu akiulizwa kama ataweza, jibu ni hilo hilo.

Basi akajikaza kisabuni. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Akawa anakula mkate wake simu ikiwa sikioni. Mimi ndiye niliyechaguliwa na wenzangu kuwasemea mambo ya afya kazini, kwa hiyo nikamwendea Herluf.

"Herluf, Solvej anazama."

"Mbona hajaniambia?"

"Hatakwambia! Macho yako unayatumia kufanya nini?"

Yakamwingia kidogo. Akaenda kwenye semina ya msongo wa kazi, ya siku moja, akarudi anang'aa kama sahani mpya. Mtu mpya wa mezani? Hamna. Alituletea bakuli la matofaa na Alhamisi ya keki. Kila Alhamisi tuzime simu, tukae pamoja, na kwa zamu mmoja wetu alete keki.

"Ya kuoka mwenyewe," akasema, kidole juu. "Siyo ya dukani. Iwe na upendo ndani yake!"

Simu tulizima, ila hoteli hazikuzimika. Keki ikiisha, sisi tulirudi kwenye mashuka yetu tumeshiba, na Solvej alirudi kukuta wote waliokosa kumpata wamekasirika. Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Zamu yake ikafika. Jioni ya kuamkia Alhamisi yake alitoka kazini hoi, unga nyumbani hana, nguvu hana. Akapita dukani, akanunua keki ya tofaa. Nyumbani akaimegamega pembeni ili ionekane ya mkono, akainyunyizia sukari ya unga, akaiweka kwenye sahani ya marehemu mama yake. Mwanamke mzima, anaghushi keki! Mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, akiwa amefunika uso kwa viganja.

Herluf alikula vipande viwili. "Solvej, hii ndiyo keki! Tupe siri yake."

"Ni… ya mama," Solvej akasema.

Sasa Ditlev, dereva wetu, mtu asiyeweza kuona jambo akaliacha, akainua kipande cha mwisho. Chini yake palikuwa na karatasi ya duka, bei na kila kitu.

"Wee Solvej! Siku hizi tanuri la mama yako linachapa na bei?"

Tukacheka. Sote, mimi nikiwemo. Na Solvej akacheka, akacheka, tukanyamaza yeye bado anacheka, mpaka tukaona si kicheko tena. Aliondoka mezani bila kumtazama mtu. Nilimkuta nje kwenye baiskeli, anazungushazungusha kufuli.

"Magda," akaniambia, "nimesahau namba za kufuli langu. Kila siku nalifungua. Magda, nimesahau."

Nikamsindikiza kwa miguu. Njiani hakulia kwa sababu ya kuchoka, alilia kwa sababu ya ile karatasi.

Daktari akamwandikia mapumziko, akamwambia atembee, apate hewa. Atembee wapi? Kwetu mtu aliyevunjika mguu hupungiwa mkono barabarani, lakini aliyevunjika ndani hujiona mwizi wa mshahara. Akawa anapanda basi hadi mji wa jirani, Vojens, kununua maziwa, asije akakutana na mtu wa kazini dukani penye jibini. Herluf akampelekea maua. Solvej akayaweka chooni, asiyaone.

Mezani sasa nani akae? Akakaa Herluf mwenyewe. Siku ya kwanza alipiga mluzi. Siku ya tatu kliniki ya meno ilipelekewa vitambaa vya meza vya harusi, na harusi ikapelekewa makoti ya madaktari wa meno. Nilimkuta jioni ameinamia meza, mkate wake mzima haujaguswa.

"Haya yote alikuwa akifanya peke yake?"

"Peke yake. Na ukamwongezea kuoka."

Uso ulimwiva mpaka masikioni, na mimi, niliyekuwa nimepania kumpa vidonge vyake, nikamsogezea mkate wake.

Sheria yetu inamtaka mwajiri amwite mgonjwa wazungumze kabla mwezi haujaisha. Solvej akaniomba niketi naye. Alikaa ncha ya kiti, koti hakuvua.

"Nimekuja kuacha kazi," akasema. "Siwezi kuwatazama."

"Nimeajiri watu wawili," Herluf akasema. "Ukirudi mtakuwa watatu. Na ile hoteli kubwa nimeiambia oda za dakika ya mwisho basi, wakitaka wahame."

"Umewaambia nini wenzangu kuhusu mimi?"

"Kuhusu wewe sikusema kitu. Nimewaambia habari zangu. Kwamba niliambiwa nikajifanya sisikii."

Kweli alituambia, kwenye mashine, kofia mkononi, na hakuna aliyejua pa kutazama, Ditlev hasa.

Solvej akafungua kifungo kimoja cha koti. "Daktari anataka nianze na asubuhi tu," akasema. "Nitatokaje saa sita, wote wakinitazama? Natoka, wao wanafanya kazi. Nitakufa kwa aibu, Herluf."

"Basi nitatoka na wewe."

Jumatatu akaja. Ilipofika saa sita Herluf akavaa koti, akachukua mkoba wake, wakapita pamoja katikati yetu mpaka mlango wa mbele, mwenye kiwanda mzima anatoka kazini mchana kweupe. Solvej akapanda baiskeli yake. Baada ya kitambo tukamsikia Herluf akirudi kazini kwa mlango wa nyuma, kupitia chumba cha boila, akijigonga kwenye mabomba. Akafanya hivyo kila siku mpaka majira ya joto, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtania.