Tabita Nzunda na Mjusi wa Korongo la Nanyala

Jua limeshapanda juu ya korongo la Nanyala, wilayani Mbozi, na Tabita Nzunda amelala kifudifudi, shavu nusura liguse mchanga mwekundu. Anapiga brashi taratibu, anapuliza vumbi, anapiga tena. Chini ya mkono wake kuna mfupa wa paja mrefu kuliko yeye mwenyewe.

"Huyu hataki haraka," anasema. "Ukimharakisha, anavunjika."

Tabita, mwenye umri wa miaka 46, alikuwa mgonga kokoto kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Mwaka juzi, watafiti wa mifupa ya kale walipopiga kambi bondeni, alikwenda kuomba kazi ya kupika. Siku moja akapeleka chai korongoni, akakaa kuwatazama, hakurudi jikoni mpaka alipoitwa. Msimu uliofuata alikabidhiwa brashi.

Mfupa huo ni wa dinosaria, mjusi mkubwa wa kale, aliyekufa mamilioni ya miaka kabla binadamu hajawapo. Mwezi huu wa Septemba, 2014, redio zimetangaza dinosaria mpya aliyepewa jina la bonde la Rukwa. Wa Tabita bado hana jina, na nusura asilipate kabisa.

Mvua zilipokaribia mwaka jana, watafiti waliifukia mifupa isiharibike, wakaondoka. Nyuma yao ukaenea uvumi kwamba kilichofukiwa ni rupia, sarafu za enzi za Wajerumani. Asubuhi moja Tabita aliwakuta wanaume shimoni na masururu, wakiongozwa na mdogo wa mumewe, Gwakisa. Mfupa mmoja wa ubavu ulikuwa umeshavunjwavunjwa.

"Shemeji, unatuficha mali," Gwakisa alimwambia.

Tabita anasema hakupiga kelele. Aliingia shimoni, akalifukua paja kwa mikono. "Nikamwambia, haya, shika. Ukiona rupia, chukua."

Gwakisa, ambaye leo anakoroga plasta ya kufungia mifupa, hakatai. "Nilishika. Ni jiwe, lakini ukitazama ni mguu kabisa. Nikaona haya, kama mtu aliyefukua kaburi."

Walirudishia udongo pamoja. Vipande vya ubavu Tabita aliviweka kwenye beseni uvunguni mwa kitanda, akangoja kiangazi huku akiamini atafukuzwa kazi. Mkuu wa watafiti, Dk. Idrisa Kimweri, alipofika, Tabita alimweleza yote kabla mizigo haijashushwa.

"Aliweka begi chini," Tabita anakumbuka. "Halafu akauliza, 'Mama, vipande unavyo?' Nikasema vingine sikuviona. Akasema, 'Tutaunga vilivyopo. Na huyo shemeji yako mwite, tunahitaji watu wenye nguvu.'"

Wazee wa Nanyala wanauliza kama dinosaria huyu naye atakwenda Ulaya asirudi, kama yule mjusi wa Tendaguru, kule Lindi, aliyechukuliwa na Wajerumani. Tabita alimuuliza Dk. Kimweri vivyo hivyo, akaambiwa atahifadhiwa Dar es Salaam. Amenuia kumfuata huko mifupa ikishaunganishwa, ingawa maishani mwake hajavuka Makambako.

Kabla ya safari hiyo, kuna ukingo wa juu wa korongo, ambao haujaguswa. Watauchimba kiangazi kijacho, kwa kuwa fuvu halijapatikana.

"Mguu nimeushika, mbavu nimezibeba," anasema, akilowesha kipande cha gunia ndani ya plasta. "Lakini mtu hujamjua kama hujamwona uso. Huo ndio ninaoutafuta sasa."